Kompyuta Iliyougua Kila Jumatatu

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa fundi wa kompyuta mjini Migori, na karibu kila Jumatatu niliitwa Homa Bay kwa ugonjwa ule ule. Ofisi ya mradi wa samaki ilikuwa na programu kuukuu ya barua pepe ambayo, ikifunguliwa tu, ilitangaza kwamba memori imeharibika, kisha ikajifunga yenyewe.

"Fundi, hii kitu imekufa tena," mama karani alikuwa akinipokea.

Nilibadilisha vibao vya memori. Nilipuliza vumbi, nikaipakia programu upya kutoka kwenye diski zake, nikailaumu stima. Wiki nzima ilitulia, Jumatatu tukarudi pale pale. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, na ilinikera sana, maana sipendi kushindwa na kitu kisicho na akili.

Aliyeumia zaidi ni mama karani. Mwanawe wa pekee alikuwa akisoma India, na barua pepe zake zilipitia hapo ofisini. Tangu masika hakuwa amepata hata moja. Za ofisi nazo zilipotea, ila wenyewe walipiga simu kuuliza. Kijana hakuwa na uwezo wa kupiga simu kutoka huko.

Ijumaa moja nilikuwa Homa Bay kwa kazi nyingine, na mvua ya usiku ilikuwa imeharibu barabara ya Rongo, nikakwama, nikashinda pale ofisini. Simu ilikuwa moja tu na bosi aliishikilia wiki nzima. Modemu ya kuvuta barua ilipata zamu kila Ijumaa jioni akishaondoka. Siku hiyo ikaanza kulia na kuvuta barua, laini ikijikongoja. Mama karani, Msabato asiye na mchezo, alikuwa akiangalia jua dirishani. Lilipozama, barua zikiwa bado zinaingia, alichomoa waya wa stima ukutani, akaifunika kompyuta kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

"Sabato imeingia," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Programu ile ilizishika barua zote kwenye memori kwanza, ikaziandika kwenye diski mwisho kabisa. Ukiikatia stima katikati, zilipotea, na faili lililobaki nusunusu ndilo lililoiangusha Jumatatu. Kwenye mtambo wa Nairobi zilikopitia, zilikuwa zimeshafutwa pindi zilipovutwa. Nilimweleza yote bila kuzunguka.

"Kwa hivyo alikuwa anaandika?"

"Nadhani kila wiki, mama."

"Nyasaye, Mungu wangu! Na mwezi jana nilimwandikia kwamba kama ametusahau, asiniandikie tena."

Niliushika ule waya, nikamwambia tuwashe sasa hivi tumwandikie. Yeye asiguse chochote. Mimi si Msabato, nitaandika mwenyewe.

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Akautoa waya mkononi mwangu taratibu, akauweka chini.

"Ni mtoto wangu, fundi. Nitamwandikia mimi. Kesho, jua likizama."