Zamu Namba Tisa

Afadhali ningekataa. Ijumaa ile direkta wa shule aliposimama mlangoni mwa darasa langu na kuniomba nibadilishe zamu ya likelemba ya watoto, nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Sawa, direkta."

Nilifundisha mwaka wa tatu wa primeri, mtaani Ndosho. Nilitaka watoto waijue biashara kwa mikono kabla ya kuisoma ubaoni, kwa hiyo tulijenga soko darasani. Mawe meusi yalikuwa meza, vifuniko vya soda vilikuwa makuta, yaani pesa. Waliuza vipande vya sabuni, makala ya kupikia, samaki wadogo wa sambaza waliokaushwa. Muuzaji alipopima kikombe, aliongeza punje chache za matabishi ili mteja arudi kesho. Na kila Ijumaa kila mtoto alitia kifuniko kimoja kwenye kopo, kisha mmoja wao akachukua vyote ishirini, kama mama zao wafanyavyo kwenye likelemba ya mtaani. Zamu tulipanga kwa kura, nikabandika orodha ukutani.

Msichana mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Masisi, alipata namba tisa. Wenzake waliotangulia walimaliza vifuniko vyao kwa pipi na mandazi. Yeye alikuwa ameona mfuko wa maharagwe mezani pangu, bei yake vifuniko ishirini, na alikuwa ameupima kwa macho.

"Mwalimu, ule mfuko usiuuzishe," aliniambia kila wiki. "Nitauza kikombe kwa kikombe. Itatoka makumi tatu."

Hilo ndilo somo nililokuwa nikilitafuta mwaka mzima, na alilipata mwenyewe.

Ijumaa ya zamu yake, wazazi walialikwa kuona soko letu. Direkta alinivuta pembeni. "Kopo mpe mtoto wa mwenyekiti wa wazazi. Baba yake njo anatutafutia mabati. Ni mchezo wa watoto tu."

Paa letu lilikuwa linavuja juu ya madawati mawili. Niliyafikiria mabati, nikaita jina la mtoto wa mwenyekiti.

"Mwalimu, leo njo mimi," msichana alisema.

"Wewe utachukua Ijumaa ijayo."

Aliangalia orodha ukutani, kisha akaniangalia. Yule mtoto alinunua mfuko wa maharagwe, akaukumbatia bila kujua aufanye nini. Wazazi walipiga makofi.

Ijumaa iliyofuata nilipitisha kopo. Likanirudia na vifuniko vinne.

"Yangu imepotea," mmoja alisema.

"Yangu pia. Zimepotea pamoja," akasema jirani yake, na darasa likacheka.

Sikukubali mambo yaishie hapo. Nilizunguka kwenye maduka ya mtaa wa Majengo nikiokota vifuniko, nikanunua mfuko mwingine wa maharagwe. Jumatatu nilisimama mbele ya watoto nikawaambia nilikosea, kwamba zamu haikuwa yangu niigawe. Kisha nikaweka kopo lililojaa mbele ya msichana.

Hakuligusa. "Hii si likelemba, mwalimu. Hii ni matabishi."

Alikuwa sahihi. Hakuna mwenzake aliyetoa kitu. Nilipitisha kopo kila Ijumaa hadi mwisho wa mwaka, na kila Ijumaa nilitia kifuniko changu kwanza. Wiki moja tulifika saba. Hatukuvuka hapo.

Kabla ya likizo mama wa msichana, muuza makala, alikuja nyumbani kwangu. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyetunza orodha ya zamu za likelemba ya akina mama wa mtaa, kwa sababu waliniamini.

"Papa mwalimu, tunaomba ile karatasi."

"Mutoto alikueleza?"

"Mutoto hakusema kitu. Siku ile nilikuwa nyuma, kwa mlango."

Nilimpa.

Mabati yalikuja, darasa halikuvuja tena. Msichana sasa ni binti mkubwa, anauza maharagwe Ndosho, kikombe kwa kikombe. Mimi hununua kwake. Yeye hunipimia vizuri na kuniongezea matabishi, lakini haniiti mwalimu. Ananiita muzee, kama mteja yeyote.

Bei ya mabati yale ilikuwa watoto ishirini walioamini kwamba zamu yao itafika, na akina mama walioniachia zamu zao. Sikuwapata tena.