Dhiraa Moja ya Msonobari

Asubuhi hiyo niliondoka Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, nikiwa na begi moja na jozi tano za soksi. Sikuwa nimegombana na mtu. Jamaa aliyenihifadhi kwenye sofa lake alikuwa ameshakwenda kazini, nikakunja blanketi, nikaosha kikombe, nikaudumbukiza ufunguo kwenye tundu la barua mlangoni kama tulivyokubaliana. Mkataba wangu wa ghalani ulikuwa umeisha wiki hiyo. Nilijua tu kwamba nikiendelea kuchungulia dirisha lile nitaanza kulizoea, na mimi vitu nilivyovizoea huwa navikimbia. Shule yenyewe niliikimbia kidato cha pili.

Hagsätra ni mwisho wa reli, kwa hiyo njia ni moja tu: kurudi mjini. Mjini nikapanda treni ya kwanza iliyonifungulia mlango. Nilikuwa nimefikiria kaskazini, lakini ile ilikuwa inakwenda kusini, nikaona hakuna haja ya kubishana nayo. Nilishuka Jordbro kwa sababu ya njaa.

Penye kituo cha mafuta, karibu na maghala, palikuwa na mama mmoja wa makamo ya kustaafu, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi, anapigana na kamba. Alikuwa anafunga skuta juu ya tela: ile pikipiki ya theluji, mbele skii mbili, nyuma mkanda mpana wa mpira. Kamba ilimponyoka.

"Mshenzi wewe!" akaiambia, kwa Kiswahili.

Nikasogea. "Shikamoo, mama."

"Shikamoo baadaye. Shika kamba kwanza."

Nikashika. Tulipomaliza alinitazama begi, kisha viatu. "Mtanzania, eh? Nyinyi mnaongea kama watu wanaoomba radhi."

"Na ninyi Waganda, mama, mnaongea Kiswahili kama mnapigana nacho."

Akacheka mpaka akaegemea tela. "Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Mimi nakwenda mwendo wa saa saba kaskazini. Hiyo Sijui yako iko kabla ya hapo au baada?"

Hivyo ndivyo nilivyopata lifti.

Njiani alinieleza, maana nilimuuliza kila kitu na yeye hakuwa mchoyo wa maneno. Alipokimbia Uganda miaka mingi iliyopita, alipelekwa pamoja na wanawe kwenye kijiji kimoja huko juu, penye misitu na ziwa. Baadaye alihamia Jordbro kutafuta kazi, akawauguza wazee mpaka yeye mwenyewe akawa mzee. Marehemu mumewe alimwachia kijumba kidogo ng'ambo ya msitu wa kijiji kile. Sasa alikuwa amestaafu, na mwisho wa mwezi huo angekabidhi ufunguo wa fleti yake ya Jordbro. Watoto walimwambia kwa Kiswidi kwamba amepata wazimu. Yeye aliwajibu kwa Kiganda, ili wasielewe vizuri.

"Tatizo ni moja," alisema. Barabara ya gari haifiki kwenye kijumba wakati wa baridi, kwa sababu hakuna anayeiondolea theluji. Njia pekee ni ile ya skuta, inayokatiza msitu wa bibi mmoja wa kijijini. Kila mwaka bibi huweka sahihi ya kuruhusu njia ipite. Njia hutunzwa na wanakijiji wenyewe, kwa kujitolea, na mwaka uliopita walimwachia takataka: matawi, glovu, chupa za soda. Kisha vuli hii dhoruba ikaangusha miti juu ya njia yote, na bibi akasema safari hii ataitazama kazi kwanza, ndipo aseme ndiyo au hapana.

"Na akisema hapana?"

"Basi nyumba yangu nitaiona mwezi wa tano. Kabla ya hapo nitakaa kwako, Sijui."

Tulifika giza likiwa limeshaingia, tukalala kwa mwenyekiti wa wanakijiji wanaotunza njia, mzee mrefu mkimya, yeye na mkewe. Asubuhi tukaingia msituni watu kama kumi na wawili, na theluji haikuzidi unene wa kidole.

Nilikuwa sijawahi kuona msitu ulioangushwa. Kwetu Singida miti ni mifupi na imepindapinda. Ukianguka mmoja, unaanguka kama mtu aliyechoka, taratibu. Hapa misonobari ilikuwa imelala yote upande mmoja, mizizi imesimama wima na udongo wake, mikubwa kuliko milango. Mwenyekiti alinionyesha jambo ambalo sijalisahau: mti ulioanguka unaweza kuwa umejikaza kama upinde. Ukiukata upande usiofaa, unakurukia. Aliubonyeza mmoja kwa buti, akasikiliza, akaukata nusu chini, nusu juu, nao ukafunguka kwa mlio mdogo tu, kama mlango wa kabati. Nilimuuliza mizizi ile itasimama vile mpaka lini, na mti uliooza ndani unajulikanaje. Alijibu kila swali kwa kichwa.

Msumeno wa injini hauruhusiwi kushikwa na asiye na cheti. Mimi sikuwa nacho, nikapewa kazi ya kuburuta matawi. Mama alikuwa nacho. Alikipata ili ajikatie kuni. Saa nne tukapumzika kwenye moto, tukala soseji zilizochomwa kwa kijiti na kunywa kahawa nyeusi. Kisha mwenyekiti akatugawa wawili wawili. Mimi na Mama tuliachiwa msonobari mmoja mkubwa uliolala njiani, mnyoofu kama mlingoti. Alituonyesha kwa mkono: kateni hapa na hapa, njia ipitike, kipande cha katikati kivingirisheni pembeni. Mengine acheni. Akaenda mbele na wenzake.

Tulikata hapa na hapa. Njia ikafunguka kabla hatujatokwa jasho. Nikakaa juu ya gogo, nikaanza kufikiri. Afadhali nisingefikiri.

"Mama," nikasema, "huyu bibi mwenye msitu, tunakwenda kumwomba, siyo?"

"Tunamwomba."

"Sasa mtu anakwendaje kuomba mikono mitupu?"

Mama alizima msumeno. Nikaendelea. Nikasema kwetu ukienda kumwomba mtu kitu hubebi maneno peke yake, unabeba hata kuku. Na hapa kuku hatuna, ila kuni tunazo, zimelala. Bibi ni mzee, anaishi peke yake, baridi inaingia. Akija kukagua akute kuni zake zimekatwa na kupangwa, atasema nini?

"Hapo umesema," Mama akasema. "Hata kwetu ni hivyo. Urefu gani?"

Nikampimia kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, maana ndivyo mama yangu alivyopima kuni za mafiga. Nikawa natia alama kwa mkaa wa moto wetu, yeye anakata. Tulifanya kazi nzuri. Nasema hivyo hadi leo. Shina lote, pamoja na kipande cha katikati, lilikwisha, vipande hamsini na sita, nikavipanga kando ya njia kwa safu, miisho imelingana, na juu nikaweka matawi mabichi visinyeshewe. Nilijisifu kimoyomoyo.

Mwenyekiti aliporudi alisimama mbele ya ule mpangilio. Akavua kofia. Watu wa kule wana ndiyo yao isiyo na neno, wanavuta tu pumzi ndani, fyu, kama wanaonja supu ya moto. Akavuta hiyo pumzi mara mbili, lakini safari hii haikuwa ndiyo.

"Ule mkubwa?" akauliza.

"Ule mkubwa," Mama akasema.

Akatueleza polepole. Mti kama ule si kuni. Unakatwa vipande virefu, mita tatu na zaidi, unapelekwa kupasuliwa mbao. Tangu siku ya dhoruba bibi alikuwa ameshautembelea msonobari ule, ameupima, na ghala lake la nyasi lilikuwa linasubiri sakafu mpya itokane nao. Kuni bibi anazo. Kuni hutokana na miti midogo iliyopinda.

Iliyopinda! Miti ya kwetu, kwa ufupi.

Mwenyekiti akaenda kuwaita wengine. Mama akanigeukia. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Kuku wako ameninyea," akasema.

"Mama, nisamehe. Twende tukamwambie kabla hajaja kuona."

"Twende. Ila utaongea wewe. Kiswidi changu mimi ni cha wagonjwa: geuka, kunywa, lala."

Nyumba ya bibi ilikuwa mwendo wa robo saa, nyekundu, na ghala la nyasi nyuma yake. Nilichungulia ghalani tukipita: sakafu ilikuwa na tundu la kutosha mtu kutumbukia. Bibi alitoka na mabuti ya mpira na sweta la mwanamume. Mwembamba, mgongo umenyooka. Nilimweleza kwa Kiswidi changu cha ghalani, ambacho kinajua vizuri maneno kama kosa, pungufu na rudisha. Nilisema ni mimi niliyefikiri hivyo, na mwenzangu alikata kwa sababu nilimshawishi. Nikamweleza habari ya kutokwenda kuomba mikono mitupu. Nilieleza hata kuku.

Nilipomaliza akachukua koti, akatangulia kwenda msituni, sisi nyuma.

Aliuzunguka mpangilio wangu mara moja. Akatazama njia, na hapa nilimwona anatazama kwa makini: hakuna tawi, hakuna glovu, hata vumbi la msumeno Mama alikuwa amelifagia kwa mguu. Akatoa kipande kimoja cha vile vyembamba vya kileleni, akakiweka begani.

"Nikubebee?" nikauliza.

"Wewe beba kingine."

Jikoni kwake palikuwa na jiko la chuma la kuni, jeusi, lenye mlango mdogo. Aliufungua, akasukuma kile kipande. Kiliingia zaidi ya nusu kikakwama, kimechomoza kama ulimi. Akajaribu kufunga mlango. Haukufunga.

"Vifupi mno kwa sakafu," akasema, "na virefu mno kwa jiko."

Mama alifunika mdomo kwa kofia. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi pia yalikuwapo, na bibi alipomwona akavuta ile pumzi, fyu.

Halafu bibi akaketi mezani. Nyuma ya saa ya ukutani palikuwa na karatasi, akaitoa, akaiweka mbele yetu. Ndiyo yenyewe, ruhusa ya njia, mstari wa sahihi uko mtupu. Mama akaacha kucheka.

"Njia ni safi," bibi akasema. "Miaka mingi haikuwa safi hivi. Lakini nina mti mzima umelala msituni ambao haufai kitu, na mimi siwezi kukata tena vipande hamsini na sita." Akanitazama mimi. "Utakaa mpaka lini?"

Swali hilo nimeulizwa na watu wengi, na jibu langu siku zote ni lile lile. Lilikuwa mdomoni tayari. Nikamwona Mama. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama mstari wa sahihi, mikono mapajani, na mwisho wa mwezi ulikuwa karibu.

"Mpaka ziishe," nikasema.

"Anayetoka Stockholm bila kujua anakokwenda," bibi akasema, maana nilikuwa nimemweleza na hilo pia, "anaweza kuondoka vilevile. Sahihi nitaweka kipande cha mwisho kikiingia jikoni na mlango ukafungwa. Msumeno wa mkono uko ghalani. Angalia sakafu."

Nilipima kina cha jiko kwa kiganja: shubiri moja na nusu. Kila kipande kilitaka kukatwa katikati, na vile vinene kupasuliwa pia. Nikapiga hesabu ya mikono yangu, nikaona si kazi ya siku moja wala mbili.

Mama alirudi kwa mwenyekiti, ambako angelala hadi njia iruhusiwe. Kabla ya kuondoka alikwenda kuleta gari, akatoa begi langu, akanipa, lakini hakuliachia mkanda.

"Mwanangu, miguu yako nimeijua tangu jana tu," akasema. "Ifunge."

"Nimeifunga, Mama."

"Wanangu wananiona mwenda wazimu. Usiwape ushahidi."

Bibi alinipeleka kwenye kijumba kidogo uani, cha kuokea mikate zamani. Nusu ya chumba ilikuwa tanuri la mawe, nusu kitanda chembamba, dirisha moja linaloelekea msituni. Palinukia majivu na unga wa zamani. Nilitaka kumuuliza mikate ilikuwa ya aina gani, na ilikaa muda gani kabla ya kukauka, lakini alikuwa ameshaniwekea shuka na sufuria ya supu na kuondoka.

Kwa kawaida begi langu hulala limefungwa, miguuni pangu, mkanda karibu na mkono. Nikalifungua. Nikatoa jozi zote tano za soksi, nikazipanga kwenye ukingo wa tanuri, moja baada ya nyingine, kwa safu, miisho imelingana. Kisha, kwa kuwa mwanga ulikuwa bado umebaki kidogo, nikaenda ghalani kutafuta msumeno, nikipita kando ya tundu.