Mtoto Mbaya Kuliko Wote Zifta

Mkunga wetu, Mama Hilali, hajui kusema polepole. Akiingia uchochoroni, bata hukimbia na wanaume wa mkahawani hushusha sauti. Nusu ya mtaa tumepita mikononi mwake. Mimi mwenyewe, yeye ndiye aliyenipokea, na mwaka juzi akampokea mwanangu Lutfi, akamnyanyua kwa miguu akaniambia, "Haya, chukua chura wako."

Nilifurahi. Kwetu Zifta mwenye akili hamsifu mtoto mchanga, maana macho hayana pazia, na jicho la husuda humwangukia anayesifiwa. Lutfi mtaani huitwa Ombaomba, na wakati ule nilikuwa namvika kanzu ya kike ya binamu yake, na tukitoka nje sikumwosha uso.

Ukunga Mama Hilali alifunzwa na mamake. Vita vile vikubwa vilipokwisha, serikali ikaanza kuwafundisha wakunga, naye akaenda, watu wakacheka kwamba mbuzi mzee kapelekwa chuoni. Alirudi na mkoba wa ngozi na mkasi wa kuchemsha, na tangu hapo watoto wanaokufa kwa pepopunda wamepungua sana. Yeye amezaa mara nyingi, aliyebaki ni Hilali peke yake. Hilo halitaji. Lakini ukimwona anavyousimamia ule mkasi kwenye maji yanayochemka, utajua.

Kilipofunguliwa kituo cha mama na mtoto nyuma ya soko la pamba, akawekwa yeye kuogesha watoto na kuwapima uzito. Tulikwenda wachache, kwa kuibia, kwa kuogopa macho ya watu. Mwaka jana, baada ya sikukuu yetu ya masika, ya samaki wa chumvi na vitunguu, Daktari Rushdi wa kituo akatangaza kwamba mkaguzi anakuja kutoka Kairo, na siku hiyo mtoto mzuri kuliko wote atapewa beseni jipya la kuogea. Mkaguzi akikuta mabenchi matupu, kituo kitahamishiwa Mit Ghamr. Mit Ghamr iko ng'ambo ya mto tu, lakini mtu wa Zifta kwenda kuomba dawa Mit Ghamr, afadhali augue.

Siku ikafika, hakuja mtu. Nilikuwepo mimi tu, kwa sababu ya dawa ya macho ya Lutfi, na nilikuwa nimemficha ndani ya shuka yangu nyeusi. Mama Hilali aliyatazama mabenchi, akaweka taulo chini.

"Daktari, mwanangu," akasema, "nani atamleta mtoto wake asifiwe mbele za watu? Bora ungetangaza unagawa homa."

Akamwomba ruhusa abadilishe kidogo masharti. Daktari alifuta miwani yake kwa muda mrefu, kisha akakubali. Mama Hilali akatoka, na sauti yake tukaisikia mpaka kituoni: beseni sasa ni la mtoto mbaya kuliko wote.

Akina mama walikuja mpaka wakakosa pa kukaa. Zannuba, jirani yangu, alisema mwanawe ni wa njano kama limau lililosahauliwa. Tahiya, mke wa muuza maharage, akaapa kwamba masikio ya mwanawe yanatosha kubebea sufuria. Bibi mkaguzi alipoingia alikuta watoto wamepakwa masizi na mama zao wakigombania ubaya. Alikaa bila kukaribishwa.

Mama Hilali alipita, mikono nyuma, kama mnunuzi wa nyati mnadani. Akasimama mbele ya Tahiya.

"Nimempata. Huyu ndiye mbaya. Beseni ni lenu."

Tahiya alivimba. "Mbaya nani?"

"Mwanao, shoga. Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema mimi niliyemzaa. Wewe umemzaa?"

"Nimempokea."

"Basi lete maji."

"Ya nini tena?"

"Lete maji, nikuonyeshe huyo mbaya."

Akamvua matambara, akamwogesha humo humo kwenye beseni la zawadi, sabuni mpaka nyuma ya yale masikio. Mtoto akatoka anang'aa. Hakuna aliyemsifu, tulinong'ona jina la Mungu tu. Zannuba akauliza kama wake ndiye abaki na masizi peke yake, na foleni ikaanza, kutoka beseni kwenda mizani. Kila uzito Mama Hilali alimnong'oneza daktari sikioni, jicho lisisikie, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Mkaguzi akauliza mshindi ni nani hatimaye.

"Bado tunamtafuta, bibi," akajibu. "Wiki ijayo tunaendelea."

Kituo hakikuhama, na mpaka leo mshindi hajapatikana. Beseni liko pale pale, kila Jumatatu tunakwenda kulishindania. Juzi Lutfi alipimwa. Mama Hilali akainama kwa daktari, akanong'ona, kisha akanirudishia mwanangu kifuani.

"Chura wako bado mbaya," akaniambia. "Tumshukuru Mungu."