Trekta Lisilozimwa

Watu wa kwetu Lumemo wakitaka kukucheka wanakupa jina, na Wendelin walimpa la Usizime. Sababu ilikuwa trekta lake dogo jekundu. Stata ya trekta hilo ilikufa mwaka wa pili tangu alinunue na haikufufuka tena. Kifaa kililetwa mara mbili kutoka Dar es Salaam. Cha kwanza hakikuingia, cha pili kiliingia na kuzunguka bila kushika kitu. Fundi alijifuta mikono akasema, "Mzee, trekta hili hata huko lilikotengenezwa wameshalisahau." Kuanzia hapo Wendelin akawa analiwasha kwa kuliteremsha.

Asiyelijua bonde letu atasema, basi si jambo gumu, liweke mlimani. Mlima upi? Milima ya Udzungwa tunaiona kwa mbali kila asubuhi, lakini huku chini ni tambarare tupu, hata maji yakifika yanasimama kwanza yakitafuta pa kwenda. Mahali pekee palipoinuka karibu na nyumba ya Wendelin palikuwa kichuguu, kikubwa kushinda jiko langu. Alikichonga kwa jembe siku tatu, akakitengenezea njia ya kupandia upande mmoja na ya kushukia upande wa pili. Jioni analipandisha trekta juu, anaweka gogo mbele ya magurudumu, ndipo anazima. Asubuhi mkewe Scolastica anavuta gogo, trekta linateremka, Wendelin anaachia klachi, linakohoa mara mbili, linawaka. Likishawaka ndiyo mpaka jioni. Alikula ugali linanguruma, alisalimiana na watu linanguruma, na mkimuuliza habari za nyumbani anajibu kwa kupiga kelele kama mgomvi.

Tulimcheka, sikatai. Asubuhi moja gogo lilichomoka kabla hajapanda, trekta likashuka peke yake na kuingia moja kwa moja kwenye bafu la makuti la Obadia, jirani yake, naye Obadia yumo ndani anaoga. Alitoka na povu kichwani na kanga ya mkewe kiunoni, anatukana kwa Kipogoro na Kiswahili kwa zamu. Wendelin alijenga lile bafu upya, makuti mapya kabisa, na Obadia akawa anatuambia kwamba anasubiri liingie na jikoni.

Lakini mbele ya Wendelin mwenyewe hatukucheka sana, kwa sababu tulijua alichokiweka pale. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya mashamba ya miwa kule Kidatu, akipaka grisi mitambo ya wengine. Alipostaafu, kiinua mgongo chote kiliingia kwenye lile trekta. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na duka, na mgongo wake haukuweza tena jembe la mkono. Trekta likilala, yeye na Scolastica wamelala nalo. Jambo hilo kila mtu kitongojini alilijua.

Tena alikuwa na faida kwetu. Matrekta makubwa ya mjini hayataki majaruba yetu madogo ya mpunga. Yakiingia yanazama, yakigeuka yanabomoa matuta. Wa kwanza kumpa Wendelin shamba alikuwa mama yangu, bibi Angelina, mwaka ule wengine bado wanasema kidude kile ni cha kulimia bustani ya mchicha. Mama alisema, "Njoo mwanangu, ulime kona yangu, wakuone." Alilima, wakamwona. Tangu siku hiyo alimwita mama yangu mama, na kila msimu kona ya mama ilikuwa ya kwanza. Shamba lake mwenyewe, lile la chini kabisa karibu na mto, alilima la mwisho.

Sasa niseme habari ya vidole.

Mwaka juzi, Desemba, visu vya kulimia vinavyozunguka nyuma ya trekta vilimeza wavu. Wavuvi wanatega mbugani wakati wa mafuriko, nyavu nyingine zinazama kwenye tope na kusahaulika, na maji yakikauka zinabaki humo. Mwenye trekta linaloeleweka angezima injini, akachutama, akaukata wavu taratibu. Wendelin alisimamisha visu kwa mkono wa chuma ulio pembeni ya kiti, injini akaiacha ikinguruma. Scolastica alipiga magoti nyuma na kisu cha jikoni, akaanza kukata. Ule mkono wa chuma ulikuwa umelika, ukateleza. Visu vilizunguka mara moja, labda mbili, na Scolastica akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Nilikuwa jaruba la pili. Nilikimbia nikamfunga kwa kanga yangu, na mimi ndiye niliyempigia Wendelin kelele: "Zima hicho kidude chako!"

Hakuzima. Alimbeba mkewe akampandisha pembeni ya kiti, nami nikadandia nyuma, akatukimbiza hadi barabarani. Watu walisema alifanya akili, maana angezima angempeleka na nini? Ni kweli, na mimi mwenyewe nimelijibu swali hilo hivyohivyo mara nyingi. Ila tulipofika barabarani bodaboda ikasimama, tukapanda mimi na Scolastica, na Wendelin akabaki. Trekta lilikuwa linawaka, hakuna wa kulirudisha kwenye kichuguu ila yeye.

Hospitalini Ifakara walimsafisha na kumshona. Alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza aliniuliza, "Trekta halijazimika?"

Nilimjibu kwamba halijazimika. Akafumba macho. Kesho yake Wendelin alikuja hospitalini asubuhi, akakaa saa nzima akiwa ameushika ule mkono uliofungwa, analia waziwazi. Mchana akaenda kulima, kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri na mvua haisubiri. Scolastica alipona, akajifunza kushika jembe kwa mkono wa kushoto, na habari ya siku ile hakuitaja tena. Mimi nilidhani imekwisha.

Januari mwaka huu mama yangu alifia kibandani shambani. Msimu ukianza sisi tunahamia mashambani na sufuria zetu, na mama hakukubali kuachwa nyumbani kulinda kuku. Aliugua siku mbili tu. Jeneza lilitoka mjini kwa pikipiki hadi mwisho wa barabara, likabebwa mabegani hadi kibandani, na kesho yake likabebwa tena na mama ndani, kurudi kijijini kwa miguu. Njia ya kurudi inapita juu ya tuta, pembeni ya lile shamba la chini la Wendelin. Tulikuwa watu kama sitini, na Scolastica alikuwa kati yetu, kabeba mkeka.

Tulimsikia Wendelin kabla ya kumwona. Alikwisha kuwalimia watu wote, sasa alikuwa kwenye shamba lake, na mawingu yalikuwa yameshafunika milima. Kwetu jeneza likipita mwenye baiskeli anashuka, mwenye redio anaifunga, anayetwanga anaweka mchi chini. Wendelin misiba yote alikuwa anapunguza moto wa injini bila kuizima, anavua kofia, anainamisha kichwa juu ya kiti mpaka watu wapite. Hakuna aliyemlaumu. Hata padri alijua.

Siku ile alipoona ni mama, alizima.

Sijui niueleze vipi ule ukimya. Nilisikia miguu yetu kwenye tope. Nilisikia mbao za jeneza zikilia mabegani kwa kaka zangu. Wendelin aliteremka, akasimama kwenye tope hadi kwenye magoti, kofia kifuani, na machozi yanamtoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, tazama mama yangu alivyoheshimiwa, hata Usizime kazima. Nilitembea kichwa juu.

Baadaye alinieleza alivyowaza. Aliwaza, watu sitini, wakimaliza kuzika hawatakosa kumi wa kurudi kunisukuma hadi pakavu, nikawashe. Alikaa juu ya tuta akatusubiri.

Mvua ilianza katekista akiwa kwenye sala ya mwisho. Ilikuja na upepo, watu wakatawanyika, wengine wakaingia kwetu, chakula kikagawiwa, nyimbo zikaanza. Hakuna aliyerudi. Nasema hakuna, na mimi mwenyewe nimo. Mwenye msiba hasukumi trekta, hilo linajulikana, lakini ningeweza kusema neno moja tu kwa vijana wa kwaya, nao wangekwenda. Sikulisema kwa sababu sikulikumbuka. Scolastica peke yake aliweka mkeka chini na kuondoka kwenye mvua, na mwanamke mmoja na mzee mmoja hawasukumi trekta kwenye tope.

Kesho yake alikuja Masalu, mfugaji jirani yetu, na jozi mbili za ng'ombe wake. Walifunga kamba. Trekta likivutwa kwenye tope magurudumu hayazunguki, yanaburutwa tu, na yasipozunguka injini haiwaki hata uvute kwa ng'ombe mia. Kwa hiyo shauri likawa ni kulifikisha kwenye kichuguu. Ilikuwa mbali, kama kutoka kanisani hadi sokoni. Siku ile walikwenda hatua thelathini. Siku ya pili walikwenda kumi. Siku ya tatu dume mmoja wa Masalu alizama hadi tumboni, akaanza kulia, na Masalu akachomoa panga akakata kamba.

"Nisamehe, baba Jeni," alimwambia Wendelin, kwa jina la binti yake mkubwa, Jenifer. "Huyu nikimpoteza, nami nimekwisha."

Wendelin alimjibu, "Umefanya vizuri, mwanangu." Alimsaidia kumwondolea dume tope masikioni.

Siku ya nne maji yalishuka kutoka milimani, mto ukatoka kwenye kingo zake. Tulikimbia na magodoro vichwani. Kutoka barabarani tuliliona lile trekta likiwa jekundu katikati ya maji, baadaye kikabaki kiti, baadaye bomba la moshi peke yake, na ndege mweupe katua juu yake. Wendelin alisimama barabarani toka asubuhi bila kukaa. Watu walipita wakasema pole, naye akaitikia kila mmoja, "Ahsante, nimeshapoa," kama mtu aliyejikwaa tu. Jioni lile bomba halikuonekana tena.

Maji yalikaa wiki tatu na zaidi. Yalipopungua aliitwa fundi, akafungua hapa na pale, tope likatoka, na ndani ya kichujio cha hewa akatoka kambale mdogo, mzima, anachezesha mkia. Watu wakacheka. Sisi tunacheka hata kwenye mambo kama hayo, ndivyo tulivyo. Fundi alimrusha kambale kwenye dimbwi, akafunga sanduku lake la spana, akamshika Wendelin bega, akapanda pikipiki.

Trekta bado liko palepale. Mpunga wa shamba la chini haukupandwa. Scolastica anakwenda kupalilia mashamba ya watu kwa kibarua kwa ule mkono wake, na Wendelin anamfuata na kibuyu cha maji, kwa sababu mgongo haumruhusu kuinama. Mwanamume wa miaka sitini anafuata vibarua kubeba maji. Ninapomwona natamani kumpiga mtu, ila simjui wa kumpiga.

Baada ya Pasaka nilikwenda kwao na kapu la mpunga. Nilikuwa nimekaa na neno la kuwaambia muda mrefu na lilikuwa linaninyima usingizi. Niliwakuta barazani, Wendelin kwenye kigoda, Scolastica ameweka ungo mapajani anachambua mchele wa chakula cha mchana. Niliwaamkia, shikamoo, wakaitikia. Nikaweka kapu chini, nikasema:

"Baba Jeni, nimekuja kuomba msamaha. Ulizima kwa ajili ya mama, na sisi hatukurudi."

"Usiseme hivyo, Kandida," alinijibu upesi, karibu kwa ukali. "Mama yako alinifanya mtu. Mtu kama yule ningempitishaje na kelele? Hata leo ningezima."

Nilianza kulia. Ndipo Scolastica, bila kuinua kichwa, vidole vyake vitatu vikiendelea kutafuta mawe kwenye mchele, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi:

"Kwa mama yake ulizima. Kwa vidole vyangu hukuzima."

Nilimtazama Wendelin nikitegemea aseme lile tulilolisema wote, kwamba angezima angempeleka na nini. Alifungua mdomo. Nililiona lile jibu lilivyomfikia mdomoni, na nikaona alivyolimeza. Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba polepole akishika ukuta, na nilipochungulia nilimwona amekaa juu ya kichuguu. Upande wa kushukia ulikuwa umekwisha kuchimbwa na watu wanaofyatua matofali, umebaki shimo.

"Mama Jeni," nilimwambia mkewe, "mwite."

"Acha akae," alisema Scolastica. Akapepeta ungo, akapuliza makapi, akaniuliza kama nitakula nao.