Siku Walipoliruka Jina la Baba

Nilikuwa uani, nimebeba sinia la pilau, walipomruka baba yangu.

Ilikuwa hitima ya Shaaban, ile ambayo nyumba kubwa ya ukoo wetu pale Bagamoyo huwasomea marehemu wake kabla ya mfungo. Wanaume walikuwa barazani, sisi wanawake nyuma, na ukuta wa mawe katikati. Kidirisha kimoja tu kilitupitishia sauti zao na harufu ya udi. Mwalimu alikuwa akisoma majina ya marehemu kutoka kwenye karatasi. Miye nilikuwa nayajua kwa mfuatano wake tangu utoto, kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani. Yalikuwa yakipita polepole, moja baada ya jingine, na mimi nikipanda nayo. Nikafika mahali pa babu yangu, na baada yake baba, ambaye alikuwa na miezi mitano tu kaburini.

Mwalimu akavuta pumzi. Akasema, "Al-Fatiha."

Watu wakaitikia. Mvumo ule ukanipita juu ya kichwa. Nakumbuka wali ukitoa mvuke mweupe, taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea.

"We mwana, umepigwa na jini?" mpishi akanipigia kelele. "Wageni wa Pangani wana njaa, nawe umesimama kama nguzo ya mlango!"

Nikalipeleka sinia.

Jina la ukoo wetu silitaji humu. Wenyeji wanalijua. Mara ya kwanza kulisikia kwa masikio ya kulisikia ni siku baba aliponipeleka shule, miaka ya mwanzo ya uhuru. Karani aliuliza jina langu, la baba, halafu la ukoo. Baba, mtu mfupi aliyezoea kuinama, akanyoosha mgongo akalitamka herufi kwa herufi. Tangu siku hiyo nikawa naliwaza kama chumba. Usingizini nilikuwa nakiona: chumba kirefu, cheupe, dari ya boriti, mkeka umetandikwa mpaka mwisho, na watu wamekaa kimya ukutani wakinisogezea nafasi. Sikupata kuziona nyuso zao vizuri.

"Baba, jina letu maana yake nini?"

"Jina la watu hilo. Kalale."

Baba alikuwa mwosha maiti wa nyumba kubwa. Mwanamume wa nyumba ile akifa, baba ndiye aliyeitwa, usiku au mchana, naye akarudi ananuka karafuu maiti, hasemi na mtu mpaka kesho yake. Nusu ya wanaume waliosomwa siku ile, mikono ya mwisho kuwageuza ilikuwa ya baba yangu.

Kesho yake baada ya hitima nikaenda kwa mkuu wa nyumba. Tulikuwa tukimwita baba mkubwa, ndivyo tulivyofunzwa. Nilimkuta kajilaza kwenye kiti cha uvivu, gazeti limemfunika tumbo.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Umeshakula?"

"Jana mmemsahau baba. Na babu pia."

Hakufungua hata macho. "Hatukumsahau mtu. Wale wageni wamekuja kumposa binti yangu, dada yako. Watu wa Pangani hawaulizi mahari kwanza, wanauliza kufu, nani kazaliwa na nani. Wangeniuliza, na hawa wawili mwishoni ni nani kwenu? Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia ndugu zako."

Akacheka. "Mwanangu, jina lile tuliwaazima, kama joho la harusi. Mtu huvaa, akapendeza, akatembezwa mji mzima. Kesho yake joho hurudi kwa mwenyewe."

Nilitoka pale jua la saa nne limetanda, mji umekuwa mweupe mtupu, kuta, njia, mbuzi, vyote vinaelea. Nikawa napita watu wananisalimu kwa jina lile lile, naitika, na sijui ni nani anayeitika.

Basi nikaondoka kwenda Saadani kwa shangazi, dada yake baba, wa mwisho aliyejua mambo ya zamani. Nilivushwa mto Wami kwa mtumbwi, kisha miguu, mchanga na miiba, mpaka nikanusa samaki waliotandazwa juani. Shangazi alikuwa akiwageuza mmoja mmoja. Nilipomweleza, hakushangaa.

"Babu yako aliletwa pale mdogo, hajaota magego," akasema. "Katoka bara, Uzigua huko, kwa kununuliwa. Wewe ulidhani katoka wapi na pua hiyo?"

"Na jina?"

"La kwao ni mji wa Arabuni ambao hata wao hawajapata kuuona. La kwetu ni la Kizigua." Akalitaja, na maana yake akanipa: mtoto aliyezaliwa watu wakiwa wanahama. "Mzee wao, babu wa huyu anayejilaza, alipokuwa kufani alimwita babu yako na mashahidi. Akasema, huyu ni mwanangu, nimempa jina, yeye na kizazi chake wasomwe pamoja na maiti wangu. Akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ile ya majina. Hakumwazima mtu. Sasa achana nao, mwanangu. Lako unalo."

Nililala kwake siku tatu. Nikawa nalisema jina la Kizigua kwa sauti ndogo, na kile chumba cheupe kikawa hakina kuta tena, watu wake wanatembea na mizigo kichwani. Ni jina zuri. Lakini baba hakuwahi kuitwa nalo. Baba aliitika jina la nyumba kubwa maisha yake yote, ndilo lililomnyoosha mgongo mbele ya karani, na mtu husomewa kwa jina aliloitika.

Mwaka uliofuata nilisikiliza tena kidirishani. Babu na baba hawakusomwa. Mpishi akaninong'oneza kwamba karatasi ni mpya, mwalimu kaiandika upya kwa amri ya baba mkubwa.

Binti yake aliolewa Pangani. Yeye simlaumu, alikuwa ndani akipakwa hina. Leo shangazi amekufa, ndugu zangu wote wamekufa, nimebaki miye na elimu yangu ya darasa la nne. Lakini baba mkubwa na mwalimu wako hai, na wote wanaswali safu ya mbele.

Kwa hiyo nawauliza, na nataka jibu mbele ya watu, si chumbani. Wewe uliyeamuru: wasia wa babu yako uliuvunja kwa haki gani? Nawe mwalimu, uliyenifunza alifu, ukala kwa baba yangu: ile karatasi ya zamani, yenye mkono wa marehemu, umeipeleka wapi?