Kukonda kwa Mama Tarsisi

Mwili wa Epifania, Mama Tarsisi, haukuwa wake peke yake. Ulikuwa sifa ya mji mzima wa baba mkwe wake, marehemu Maige, na waliopita njia ya Ushirombo walioneshwa yeye kwa kidole. Alipoolewa na Stanslaus alikuwa msichana mwembamba wa kawaida, na mama mkwe wake, Paskazia, alimpokea kwa maziwa na samli, akaapa kwamba hakuna atakayesema mkamwana wake alikuja kwake kushinda na njaa. Kiapo alikitimiza. Ile miaka watu walipohamishiwa kijiji kipya, Epifania alikuwa ameshajaa hata mlango wa kanisa akauingia ubavu, na wanawake wenzake shambani wakimtania kwamba akikalia tuta, hakuna haja tena ya jembe la kulisawazisha. Alicheka nao. Kusema kweli aliipenda sifa ile, na nani asingeipenda?

Mwaka wa pili wa kijiji, damu ya mwezi ilianza kumtoka bila mpangilio, ikawa haikomi. Alivumilia hadi siku alipoanguka kisimani, ndipo akajikokota mpaka hospitali ya misheni. Daktari Theonest, Mhaya wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpapasa tumbo akasema kuna uvimbe kwenye kizazi na dawa yake ni kisu. Epifania akasema basi akatwe. Hapo ndipo alipoambiwa jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Presha yake ilikuwa juu mno, na mkojo wake uliochemshwa pamoja na dawa ya bluu ulikuwa umegeuka rangi ya tofali, maana yake sukari. Na unene wenyewe ulikuwa umemkaba hata pumzi za kulalia chali hana.

"Nikikulaza leo kwa dawa ya usingizi," daktari alimwambia, "uvimbe nitautoa, lakini naogopa wewe hutaamka."

Ilibidi apungue kwanza, na apungue mikononi mwao. Daktari alisisitiza neno hilo, kwa maana alishawaona wanawake wanaojifungia ndani wakajinyima kila kitu, au wakanywa mizizi ya kuharisha, wakaletwa kwake wakiwa hawawezi hata kusimama. Yeye alitaka mtu apungue huku ana nguvu za kukatwa. Kwa hiyo Epifania angekuja kila baada ya wiki mbili apande mzani, apimwe presha, damu na mkojo, na vidonge vyake vibadilishwe kadiri mwili unavyobadilika, kwa kuwa dawa iliyomfaa akiwa mnene ingeweza kumwangusha akipungua. Nyumbani ale ugali usiozidi ngumi yake, mboga za majani na maharage kwa wingi, samli aiache, sukari aisahau, na kila asubuhi atembee. Muuguzi Justina alimrudishia maneno hayo mpaka akayashika yote. Mwisho daktari akamwambia kwamba safari ijayo aje na mume wake, na aje pia na yule anayempikia.

Hilo la mwisho Epifania hakulifanya, na mabaya yote yalitokea hapo.

Mume alikuwa mbali, mgodini Mwadui, akija nyumbani likizo kwa likizo. Na anayempikia alikuwa Paskazia. Kwa desturi ya mji ule chungu kilikuwa cha mama mkwe, naye ndiye aliyempakulia kila mtu na kumpelekea mlangoni kwake. Epifania alijaribu kufikiria namna ya kumwambia mama yule kwamba chakula chako, ulichonilisha kwa mapenzi miaka yote hii, ndicho kinachoniua. Alishindwa. Akaona heri uongo. Akasema hospitali wanamdunga sindano za kuzuia damu, basi.

Sasa, ukipelekewa bakuli la ugali wa watu wawili na wewe unakula wa ngumi moja, unaobaki unaupeleka wapi? Kurudisha chakula ni tusi. Kumpa mbwa ni tusi kubwa zaidi. Nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya ua wa minyaa, alikaa kikongwe mmoja aitwaye Sikujua, mjane asiye na mtoto, aliyeletwa na lori la serikali kutoka kusikojulikana na kushushwa pale na chungu kimoja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kwani kuni hakuwa na nguvu za kuzifuata. Epifania akawa anapenyeza bakuli kwenye minyaa, na kikongwe akawa analipokea bila kuuliza.

Mambo yakaenda vizuri kwa kiasi cha kutisha. Kipimo baada ya kipimo uzito ulishuka, ule mkojo wa tofali ukawa kijani, maana yake sukari imeshuka, na daktari akampunguzia vidonge vya presha. Magoti yaliacha kulia. Epifania akawa anatamani aruke hata mlo wa jioni ili afikie upesi uzito uliotakiwa, Justina akamkatalia kwa ukali, akamwambia damu aliyoipoteza haijarudi na kisu hakimtaki mwenye papara. Alirudi nyumbani akitembea kwa raha ambayo alikuwa ameisahau. Furaha yote hiyo ilimbidi aimeze peke yake.

Kijijini walianza kwa utani. Halafu utani ukakoma, na kukoma kwake kulikuwa kubaya kuliko utani wenyewe. Wanawake waliokuwa wakimgonga mabega sasa walimsalimia kwa sauti ya msibani. Paskazia aliona mifupa ya shingo ya mkamwana wake ikitokeza, akaongeza samli, akaongeza nyama, na kadiri alivyoongeza ndivyo mtu alivyozidi kupukutika. Mama yule alilia usiku na mchana. Alidhani anamzika mtoto wake huku anamwangalia.

Na papo hapo, ng'ambo ya minyaa, mashavu ya Sikujua yalianza kujaa. Ngozi yake ikapata mng'ao. Mtu mmoja alimwona na bakuli la nyumba ya Maige mkononi, akamwambia mwingine, na ilipomfikia Paskazia habari ilikuwa imeshapikwa ikaiva: mmoja anakonda, mwingine ananenepa, na yule anayenenepa macho yake mekundu, macho ya kichawi. Tangu siku hiyo hakuna aliyepokea hata maji ya kunywa mkononi mwa Sikujua.

Paskazia alichukua kuku akaenda kwa mfumu, mganga wa kuagua, ingawa Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Mfumu alimpasua kuku, akaangalia matumbo, akasema kuna mtu wa karibu anayekula cha mkamwana wako. Jambo la kusikitisha ni kwamba alisema kweli tupu.

Epifania aliyajua haya Alhamisi mchana, akiwa anachambua pamba kivulini. Mama mkwe alikuja akakaa karibu naye, akamshika mkono uliokuwa umepungua, akamwambia kwa upole kabisa:

"Usihofu tena, mwanangu. Marcel ameshaongea na vijana wawili wasiojulikana hapa. Jumapili haitafika kabla hujapata nafuu."

Marcel alikuwa shemeji yake, mdogo wa Stanslaus, ndiye mwanamume wa mji wakati kaka yake hayupo. Epifania alielewa mara moja ni nafuu ya namna gani. Kule kwao mambo hayo yalijulikana yanavyofanyika, na asubuhi yake kila mtu husema hakusikia kitu. Siri yake, aliyoificha kwa aibu na heshima, ilikuwa inamuua mwanamke ambaye kosa lake lote ni kupokea bakuli.

Akasema. Alisema yote palepale, hospitali, mzani, ngumi ya ugali, minyaa. Paskazia alimsikiliza hadi mwisho, machozi yakimtiririka, kisha akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

"Ni yeye anayekusemesha, mwanangu. Hata ulimi ameshauchukua."

Epifania alijiona amegonga ukuta. Kila neno la kumtetea kikongwe lilikuwa jiwe jingine la kumpigia. Kwa kitambo aliwaza ale tu, ale samli na nyama yote mpaka anenepe upya na watu wanyamaze, kisu akisahau. Lakini kunenepa kunataka miezi, na Jumapili ilikuwa imebakiza siku tatu tu. Na damu ilikuwa bado inamtoka.

"Mayu, mama yangu," alisema, "kesho ni siku yangu ya kupimwa. Twende wote. Ukiona nimekudanganya, nitakula kila utakachonipakulia hadi siku ninakufa. Ila Sikujua atakuja nasi. Simwachi hapa."

Paskazia akakubali. Huenda alitumaini hospitalini wangemfungua ulimi mkamwana wake. Epifania akazunguka nyuma kumwambia kikongwe, akakuta meko baridi na mlango umeegemezwa gogo kwa ndani. Sikujua alikuwa ameshasikia. Alisema kutoka ndani kwamba hana pa kukimbilia, hiyo ndiyo sababu bado yupo, na kesho atakuja kama miguu itakubali.

Asubuhi waliondoka watatu, Paskazia mbele, Epifania katikati, Sikujua nyuma kabisa kama mtu asiyehusika. Penye njia panda ya ghala la pamba Marcel alikuwa amesimama na wenzake wawili, panga liko mkononi, na panga kwa mkulima si ajabu. Aliwapisha wanawake wa kwao, kisha akasogea katikati ya njia.

"Mayu, huyu mnampeleka wapi?"

"Hospitali," Paskazia alimjibu bila kusimama. "Tukirudi utafanya ulichopanga."

Epifania alimsubiri Sikujua amfikie, akamshika mkono, wakapita naye ubavuni mwa Marcel. Mkono wa kikongwe ulikuwa mwepesi na mkavu.

Kwenye benchi la hospitali walikuwapo wanawake wengine wanene, wamekuja kwa jambo lilelile, wanaulizana nani kashuka na nani kapanda. Paskazia aliwatazama mmoja mmoja. Justina alimwita Epifania kwa jina, akampandisha mzanini, akasogeza chuma, akatabasamu.

"Umepungua tena, Mama Tarsisi. Hongera sana."

Paskazia alisikia mtu mwenye akili timamu, aliyevaa nguo nyeupe, akimpongeza mkamwana wake kwa kukonda. Daktari alimwita ndani, akamweleza yote kwa Kisukuma cha kubahatisha, presha, sukari, uvimbe, na kwa nini alitaka tangu mwanzo mpishi aje. Alipotoka uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, akasema kwa uchungu kwamba basi mchawi ni yeye, na samli yake. Epifania alimshika akamwambia hapana. Lakini mama yule hakuwa amemaliza. Alimgeukia Justina, akamwonesha Sikujua aliyekaa sakafuni karibu na mlango.

"Na huyu je? Mbona yeye ananenepa?"

Justina hakuelewa swali lile lilibeba nini. Alimwinua kikongwe kwa mikono miwili, akampandisha mzanini. Chuma akakirudisha nyuma. Akakirudisha tena. Kilipotulia, alikitazama kisha akamtazama Sikujua, na sauti yake ikabadilika.

"Bibi, huu ni uzito wa mtoto wa shule. Unakula mara ngapi?"

"Kila Mama Tarsisi anapoletewa chakula."

"Na kabla ya hapo?"

Sikujua alishuka mzanini taratibu. Hakumwangalia mtu.

"Kabla ya hapo nilikuwa nakula nikialikwa."

Hakuna aliyeuliza alialikwa na nani. Paskazia, aliyejulikana kata nzima kwa kulisha watu, alikuwa amekaa jirani na yule mwanamke tangu kijiji kianze, ua mmoja tu kati yao. Aliona haya, na haya ile ilimwingia hadi mifupani.

Daktari akatoka na habari nyingine. Presha imetulia, damu inatosha, hakuna sababu ya kungoja: Epifania alazwe leo, akatwe kesho. Ndilo jambo alilolipigania miezi yote ile, na aliposikia alikataa. Alisema hawezi kulala pale huku Sikujua anarudi kijijini peke yake. Daktari alishangaa, akamwonya kwamba damu ikizidi kumwagika itabidi waanze upya, kama upya wenyewe utakuwapo.

"Lala ukatwe," Paskazia alisema. "Huyu narudi naye mimi."

Epifania alimtazama usoni akitafuta neno hilo lina maana gani, maana asubuhi ileile mama huyohuyo alikuwa amesema la njia panda. Hakuweza kujua. Akalala, kwa kuwa hakuwa na la kufanya zaidi ya kuamini au kufa.

Jumapili, baada ya misa, aliamka kwenye wodi akiwa na maumivu ya mshono na kinywa kikavu. Akamwona Paskazia anaingia mlangoni na bakuli dogo, amevaa kanga ya kanisani. Epifania alitazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Mayu, bibi Sikujua yuko wapi?"

Paskazia aliweka bakuli, akafunua. Ndani kulikuwa na ugali wa ngumi moja na mlenda usio na samli.

"Yuko nyumbani, jikoni kwangu. Chakula hiki amepika yeye," alisema. "Nimemwacha Marcel amekaa pale nje, amenawa mikono, anasubiri bibi huyo ampakulie."