Waya wa Kizingitini kwa Mayu Milembe

Wanaomsimulia Mayu Milembe siku hizi huanza na macho yake mekundu, wanayosema ni ya mchawi. Mimi nawaambia waanze na mimi. Macho yale yaliharibiwa na moshi, miaka hamsini ya kupikia kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa kukosa kuni, na wanawake wengi wa rika lake Bariadi wanayo hayohayo. Waya niliupitisha mimi, Marcelo, fundi niliyejiona najua kila kitu.

Mayu kwetu Usukumani ni mama. Alikuwa mjane, Mkatoliki, mkulima wa pamba na mpunga, mwenye mdomo wa utani. Alizaa watoto sita, akabakiwa na Ngassa peke yake. Ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, yeye ndiye aliyemwambia mmoja wao mbele ya watu, "Toa mguu chini ya gunia, baba. Pamba yangu haijaomba kubebwa." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Walimpenda. Hilo nataka lijulikane.

Mwaka 2005 Ngassa alirudi kutoka Mwanza na kompyuta nne na wazo la kuuza intaneti. Dishi tulilifunga nyuma ya nyumba yake, ndani kabisa ya kiwanja. Chumba cha biashara alikipanga kwa jirani, Shigela, kwa kuwa nyumba ya Shigela inatazama barabara ya Lamadi. Katikati ya dishi na kompyuta ilisimama nyumba ya Mayu Milembe. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kampuni ya simu, nimebaki na ngazi, koleo na maringo. Nikapima: mita themanini na tatu. Nikasema ni kazi ndogo.

Niliuvuta waya juu ya dari ya Ngassa, nikauingiza kwa mama yake. Hapo Mayu akanizuia. "Juu ya kitanda changu hapana. Sitaki kitu kinipite kichwani nikiwa nimelala." Basi nikaushusha ukutani. Msingi wa nyumba ulikuwa wa mawe na sikutaka kuvunja tindo zangu, kwa hiyo nikautoa chini ya kizingiti cha mlango wa mbele. Kutoka pale hadi kwa Shigela ng'ombe hupita jioni, ikabidi niufukie.

Udongo wetu mweusi ukikauka hauchimbiki. Nilingoja mvua inyeshe, nikaja alfajiri ungali laini. Na kwa sababu ya mchwa, niliupaka waya oili chafu, nikahitaji majivu ya kuzungushia. Mayu akayaleta mwenyewe kutoka jikoni kwake, kwenye ungo, akawa anainama nyuma yangu akiyanyunyiza kwenye mtaro, kutoka mlangoni kwake hadi kwenye ukuta wa Shigela. Mimi napiga mluzi. Dirisha la Shigela likafunguka, mke wake Evalina akatuangalia, nikampungia mkono. Dirisha likafungwa.

Mimi ni mtu wa Malampaka, nimezaliwa na kulelewa Usukumani. Najua mtu anayefukia kitu kizingitini kabla ya jua kutoka anadhaniwa anafanya nini. Najua na majivu yanasemwaje. Lakini asubuhi ile kichwa changu kilikuwa kwenye mita na mchwa. Hasira yangu juu yangu mwenyewe sijaimaliza mpaka leo.

Wiki tatu baadaye Precious, binti wa Shigela, mtoto wa miaka minne, alishikwa na malaria. Ikapanda, degedege likamchukua njiani, wakarudi na mwili kabla ya kufika hospitali.

Baada ya mazishi hakuna aliyekwenda tena kwa Mayu kuomba moto. Kisimani wanawake walimpisha achote, wakasimama mbali mpaka aondoke. Yeye akatania, "Siku hizi sipangi foleni." Ngassa hakucheka. Sote tulijua vikongwe wanaonong'onwa huishia wapi, na kwamba wanaowajia hubeba panga. Alitaka kumpeleka kwa dada wa Mayu aliyekuwa akiishi Nyalikungu, kule Maswa. Mayu akakataa. "Matofali ya nyumba hii nimeyafyatua kwa mikono yangu. Nikiondoka watasema nimekimbia."

Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakaitisha kikao, na mimi nikajitolea kueleza. Nilijiamini sana. Nilifukua waya mbele ya watu wote, nikakata kipande, nikachuna ganda ili waone hakuna kitu. Zikatokea nyuzi nane nyembamba, mbili mbili zimesokotwa pamoja: ya kijani na nyeupe, ya bluu na nyeupe, ya chungwa, ya kahawia. Kikao kizima kikavuta pumzi. Niliziona kwa macho yao, kama nyuzi za hirizi, nikatamani kuzirudisha ndani.

"Nani alizisokota?" akauliza Shigela. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Kiwandani, baba. Zote huwa hivyo."

"Zinabeba nini?"

"Maneno. Barua. Yanatoka hewani, yanashuka kwenye dishi."

"Yanapita mlangoni kwa huyu mama?"

"Yanapita."

"Halafu yanaingia kwangu."

"Ndiyo, lakini..."

"Na majivu aliweka nani?"

Nilimtazama Mayu. Akajibu mwenyewe, "Ni mimi, baba. Ni ya mchwa."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningefurahi wangepiga kelele. Mkuu wa sungusungu alisema tu, "Tumesikia," watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuagana. Shigela akaokota kile kipande, akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni. Nikajiambia kwamba sungusungu ni watu wazima, wataelewa. Nilikuwa najidanganya.

Siku tatu zikapita. Usiku wa Jumamosi mbwa wa Ngassa alikufa kwa sumu, povu mdomoni. Ngassa akamwomba mama yake tena aondoke, akapiga magoti. Mayu akasema, "Kesho ni Jumapili, ng'wanone, mwanangu. Acha nikasali kwanza. Kanisani wananijua."

Alikaa kwenye benchi lake la siku zote, la pili upande wa wanawake. Evalina, aliyekaa naye hapo tangu aolewe, alikuwa amehamia nyuma. Benchi zima lilikuwa lake. Padri aliposema tupeane amani, kanisa likajaa mikono kama kawaida. Mayu akageuka kulia, akageuka kushoto. Akageuka nyuma akiwa amenyoosha mkono, na kina mama wa benchi la tatu wakainama kutafuta kitu kwenye mikoba yao. Akainua macho kuelekea upande wa wanaume, akaniona. Nilikuwa hatua tano tu kutoka kwake. Ningeweza kutoka kwenye benchi langu na kuushika ule mkono. Mwisho wa benchi langu Shigela alikuwa ananitazama. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikatafuta ukurasa ambao hakuna mtu aliyeutaja.

Misa ilipoisha nilijificha nyuma ya kanisa, kwenye baiskeli. Nikamsikia akimwambia Ngassa, "Nipeleke Nyalikungu. Sasa hivi. Nyumbani nisipitie." Kisha akapita upande wangu, akasimama.

"Mwadila, baba," akanisalimu.

Nikaitikia, maana pale nyuma hapakuwa na mtu wa kuniona.